Tandu wa Udongo au Tandu wa Udongoni? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Elimu ya Viumbe

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu ili istilahi zake zikaguliwe umo mmoja mfupi, tafsiri ya maelezo ya kisayansi juu ya jenasi ya tandu iitwayo Geophilus. Ulikusudiwa kuwa sehemu ya kitabu cha kiada cha elimu ya viumbe. Jina la mfasiri hatutalitaja, wala hapana haja. Ni mtu aliyejitahidi, na Kiswahili chake cha kawaida hakina dosari. Hata hivyo mswada tumeurudisha. Kwa kuwa makosa yaliyotufanya tuurudishe si yake peke yake, na kwa kuwa mojawapo lilianzia kwetu sisi wenyewe, tumeona ni vyema tuyajadili hapa mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao istilahi hizi zitawafikia.

Kwanza yafaa tumtazame kiumbe mwenyewe, kwa sababu katika mswada ule ndiye aliyesahauliwa. Jenasi Geophilus ilipewa jina na Mwingereza William Elford Leach mwaka 1814. Spishi zake nyingi huishi Ulaya na kwingineko kaskazini mwa dunia, chini ya mawe, katika majani yaliyooza na ndani ya udongo wenyewe. Mwili ni mwembamba na mrefu mfano wa kipande cha ugwe, kwa kawaida sentimita chache tu, wenye rangi ya manjano iliyopauka au ya kahawia. Kichwa ni bapa. Macho hana kabisa. Njia huitafuta kwa viungo viwili vya kichwani, kila kimoja chenye vijisehemu 14, na hesabu hiyo haibadiliki katika oda nzima ya tandu wa namna hii. Nyuma ya kichwa zinafuatana pingili nyingi zinazofanana, na kila pingili ina jozi moja ya miguu mifupi. Hana mbio. Huufupisha mwili na kuurefusha kama afanyavyo nyungunyungu, na kwa njia hiyo hupenya katika nyufa za udongo akiwinda minyoo na mabuu.

Jenasi hii si ya kwetu, lakini oda yake ipo kwetu. Mathalani Orphnaeus brevilabiatus ameenea katika nchi za joto duniani, Afrika Mashariki ikiwamo, naye akisumbuliwa gizani hutoa ute wenye mwanga. Mkulima huwafukua tandu wa oda hii kwa jembe, ila aghalabu huwadhani nyungunyungu mpaka aone miguu. Tandu akaaye akilini mwa Mswahili ni yule mwingine, mkubwa, mwenye kwa kawaida jozi 21 za miguu, mwenda mbio, aingiaye viatuni, na ambaye aliyeumwa naye hahitaji kuelezwa habari zake. Ugumu wa kazi ulianzia hapo: neno moja linabeba viumbe wawili ambao umbo na mwenendo wao ni mbalimbali, na ni juu ya mfasiri kumwonyesha msomaji ni yupi anayesemwa.

Mswada unaanza hivi: “Tandu ni mdudu mwenye miguu mia moja.” Neno mdudu tulipite upesi, katika mazungumzo kila kitambaacho ni mdudu, lakini katika kitabu ambacho sura iliyotangulia imemfundisha mwanafunzi kwamba mdudu ana miguu sita, yafaa kuandika kiumbe. Kosa lenyewe ni ile mia moja. Haikutokana na kuhesabu. Imetoka katika jina la Kilatini lenye maana ya “miguu mia”, ikapita katika lugha za Ulaya, hata ikatua katika sentensi ya Kiswahili kama kwamba ni habari ya elimu. Kumbe ukweli ni kinyume. Idadi ya jozi za miguu ya tandu aliyekomaa ni witiri: huanzia 15, na kwa tandu wa oda hii tunayoijadili ni kati ya 27 na 191. Miguu mia ni jozi 50, na 50 ni shufwa. Ukiacha kilema wa nadra, basi, tandu mwenye miguu mia hayupo. Kiswahili hakikuwahi kusema uongo huo. Neno tandu, ambalo wengine huandika taandu, halitaji hesabu yoyote. Mfasiri amechukua lugha isiyo na kosa akaipa kosa la lugha nyingine, na hili ndilo lililotuudhi kuliko yote, maana mwalimu atalisoma darasani, mwanafunzi atalikariri, na siku ya mtihani atakayeandika “mia moja” atapata alama na aliyehesabu atakosa.

Ukurasa wa pili unasema kwamba spishi mojawapo “ina miguu 49”. Mwanafunzi makini atajiuliza mguu mmoja umepotelea upande gani. Asili ilisema jozi 49, yaani miguu 98, na neno jozi limedondoka njiani. Zaidi ya hayo, hesabu ya jozi katika Geophilus hubadilika hata ndani ya spishi moja, na kwa kawaida majike huzidi madume. Hapo kitenzi chapaswa kuwa “huwa na”, na hesabu iwe ya kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani. Hizi si hila za wanasarufi. Kiambishi hu- cha mazoea ni zana ambayo Kiswahili kimejaliwa nayo kwa maelezo kama haya, na tunashangaa namna wafasiri wetu wanavyoiacha ikae bure.

Katika ukurasa wa nne Geophilus anaitwa “jongoo mdogo”. Twadhani mfasiri alishawishiwa na ule mwendo wa polepole na urefu wa mwili. Lakini jongoo na tandu hawatofautiani kwa mwendo, wala kwa wingi wa miguu. Tofauti imo katika pingili: tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili kwa pingili zake nyingi. Tandu huwinda, jongoo hula majani yaliyooza. Tandu hudunga kwa sumu. Jongoo hujikunja na kutoa ute mkali wenye harufu, lakini hadungi. Wahenga walilijua hilo. Methali isemayo kuwa mtupa jongoo hutupa na mti wake inamwonyesha mtu akimchukua jongoo kwa kijiti, bila haraka, kwa kinyaa wala si kwa hofu. Hakuna aliyetunga methali kama hiyo juu ya tandu. Kwa ajili ya wale wapendao hesabu tuongeze kwamba huko Australia palielezwa mwaka 2021 jongoo wa chini ya ardhi, Eumillipes persephone, mwenye miguu 1,306. Ndiye wa kwanza kujulikana aliyestahiki lile jina la Ulaya lenye maana ya “miguu elfu”, nalo lilikwisha kutumika karne nyingi kabla yake. Ni fundisho zuri kwa wanaodhani kwamba kuunda istilahi ni kufasiri jina la kigeni tu.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Vile viungo viwili vya kichwani mswada unaviita papasi, na mfasiri asilaumiwe, kwa sababu neno hilo alilitoa katika orodha tuliyoisambaza sisi. Hoja yetu wakati ule ilikuwa nyepesi: kitenzi ni papasa, kiungo kinapapasa, basi kiitwe papasi. Hatukukumbuka, na hatuna udhuru, kwamba papasi ni jina la kiumbe mwingine anayejulikana vyema, yule kupe wa nyumba za udongo aenezaye homa ya papasi. Matokeo yake yamo katika mswada: “Kichwani ana papasi wawili.” Mchapaji, akiwa ni mtu mwenye Kiswahili cha nyumbani, alikutana na neno analolijua akalipa upatanisho wa viumbe hai. Mwanafunzi atakayesoma sentensi hiyo ataelewa kwamba tandu ana kupe wawili kichwani, na kisarufi atakuwa hakukosea hata kidogo.

Wapo walioshauri kwamba tukope antena tumalize. Hatuna uadui na kukopa. Jenasi, spishi na oda ni maneno ya kukopa na yanafanya kazi yake bila kelele. Lakini antena imekwisha shika nafasi yake juu ya mapaa ya nyumba, nako hupokea mawimbi kutoka mbali. Geophilus hapokei kitu kutoka mbali kwa njia ya namna hiyo. Ni kipofu gizani, na ulimwengu wake huujua kwa kuugusa na kuunusa karibu karibu. Kitenzi papasa ndicho kinachosema kweli juu yake, kama vile tusemavyo juu ya mtu atafutaye kiberiti usiku. Basi tubaki na kitenzi, tubadilishe umbo: kipapasio, vipapasio. Kiambishi ki- na tamati -io hutupa chombo cha kutendea, kama kifunikio na kipimio, na hakuna kupe atakayeingia humo. Neno papasi kwa maana ile tunaliondoa katika orodha yetu.

Katika jambo la pingili mfasiri anastahili sifa. Wengine wangeandika vipande, na tandu wetu angeonekana kama nyama iliyochongwa buchani. Pingili ni neno la muwa, la mwanzi na la kidole: sehemu zilizoungana, kila moja na mpaka wake, na zote kitu kimoja. Halihitaji kuelezwa kwa mtoto yeyote aliyewahi kutafuna muwa. Alipofika kwenye vipapasio, hata hivyo, akaziita zile sehemu 14 “viungo”, neno ambalo tayari alikuwa amelitumia kwa miguu na kwa kichwa. Tumependekeza vipingili. Ni pingili kwa asili, ni ndogo kwa ukubwa, na umbo la udogo lipo katika lugha likitungoja.

Panapohusika sumu mswada umeteleza zaidi. Unasema tandu “huuma kwa meno yenye sumu”. Tandu hana meno ya sumu. Silaha yake ni jozi ya kwanza ya miguu, iliyogeuka umbo na kujikunja chini ya kichwa kutoka pande mbili, yenye ncha kali na tundu la kupitishia sumu. Hii ni mojawapo ya alama kubwa za tandu wote, haimo kwa kiumbe mwingine, na ni jambo la ajabu ambalo mwanafunzi ananyimwa kwa neno moja lililochaguliwa bila kutazama. Tulifikiria gando, kwa mfano wa kaa, tukaliacha: gando hushika na kubana, halitii sumu, na tena ng'e anayo magando yake ambayo hayana sumu ilhali sumu yake i mkiani. Tumekubaliana juu ya koleo la sumu, wingi makoleo ya sumu. Koleo la mhunzi lina mikono miwili inayokutana mbele, na hivyo ndivyo kiungo hiki kilivyo. Ilitokea kwamba na jina la Kilatini la kiungo hiki lina maana iyo hiyo, lakini tungelichagua hata kama lisingekuwa nayo. Kitenzi huuma kibaki katika mazungumzo. Katika maelezo ya umbo iandikwe hudunga. Na pia iongezwe, maana mswada umenyamaza, kwamba Geophilus kwa udogo wake aghalabu hawezi kuitoboa ngozi ya mtu. Msomaji anayemfikiria tandu wa viatuni atakuwa na haki ya kujua.

Mwisho wa mwili mswada umeweka “mikia miwili”. Hiyo ni miguu, jozi ya mwisho, ambayo haikanyagi chini bali hutumika kupapasa nyuma. Iitwe miguu ya mwisho. Hapa hapana haja ya kubuni kitu.

Kuhusu matundu tutasema kwa ufupi. Mwili wa Geophilus una matundu madogo ya namna mbili yasiyopaswa kuchanganywa: ya ubavuni, ambayo hupitisha hewa, yaliyopo katika pingili zote zenye miguu isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, na ya kwenye mabamba ya tumbo, ambayo hutoa ute wa kujikinga. Mfasiri ameita yote vinyweleo. Kinyweleo chaleta fikra ya jasho na nywele. Tumeandika vitundu vya pumzi na vitundu vya ute, na maneno hayo mawili yanajitosheleza.

Tofauti hiyo ya vitundu ina uzito katika sentensi ambayo bila shaka mfasiri aliiona nzuri kuliko zote: “Mama huyakumbatia mayai yake tumboni kwa mapenzi.” Mapenzi tuyaache. Ni kweli kwamba jike hukaa na mayai yake, akajizungusha kama pete na kuyalinda mpaka watoto watoke. Tandu mkubwa tuliyemtaja huyazungushia mayai upande wa tumbo na miguu, na kwake yeye kitenzi kumbatia kingefaa. Geophilus hufanya kinyume: mgongo huelekea mayai, na tumbo hutazama nje. Wataalamu wameeleza kwamba kwa namna hiyo vitundu vya ute huelekea adui, wala ute haumwagiki juu ya mayai. Sasa, katika Kiswahili hakuna anayekumbatia kwa mgongo. Kitenzi chenyewe kina kifua ndani yake. Mfasiri alipolichagua neno tamu aliugeuza mwili mzima wa mnyama, akafuta jambo ambalo huwatenganisha tandu hawa na wale wengine. Tumeweka: “Jike huyazingira mayai, mgongo ukiwa ndani na tumbo nje.” Haina utamu. Ni sahihi.

Yamebaki majina. Mfasiri ameandika “Jeofilasi” kwa Geophilus, na spishi Geophilus carpophagus ameiita “tandu mla-matunda apendaye ardhi”. Jina la kisayansi la jenasi na spishi ni kama jina la mtu. Mjapani huliandika kwa herufi za Kirumi katikati ya maandishi yake, na Mrusi vivyo hivyo, ili mtu wa taifa lolote akiliona alitambue. Tukiliandika Jeofilasi tunamfungia mwanafunzi mlango wa kulitafuta katika kitabu kingine chochote duniani. Wala maana yake haifai kufasiriwa kana kwamba ni maelezo. Carpophagus kwa Kigiriki ni “mla matunda”, na mnyama huyo ni mla nyama. Geophilus ni “mpenda ardhi”, na mwaka 2001 wataalamu walipoigawa spishi hiyo ya Uingereza ikawa mbili, ilibainika kuwa anayebaki na jina carpophagus hupatikana mitini na katika majengo, ilhali yule wa ardhini ndiye aliyepewa jina jipya, Geophilus easoni, kwa heshima ya mtaalamu Edward Holt Eason. Jina zima, basi, linasema uongo mara mbili, na bado ni jina halali. Mwaka 2015 spishi ya mapangoni huko Kroatia, iliyopatikana katika kina cha mita 1,100 chini ya uso wa ardhi, iliitwa Geophilus hadesi kwa jina la mungu wa Wayunani mwenye kutawala kuzimu. Twamwuliza mfasiri: huyo naye angemwita nani?

Jina la Kiswahili linahitajika, lakini kwa oda nzima, kwa kuwa hilo ndilo kundi atakalokutana nalo mwalimu wa huku akifukua bustani ya shule. Mswada una “tandu wa ardhi” mahali pengine na “tandu wa udongo” mahali pengine. Ardhi tumeikataa. Ardhi ndiyo ipimwayo na kuandikiwa hati, ndiyo yenye wizara. Kinachochimbuliwa na kupenywa na tandu ni udongo. Lakini tandu wa udongo nako kuna walakini ambao msomaji ameuona tayari: chungu cha udongo kimefinyangwa kwa udongo, na sanamu ya udongo vivyo hivyo. Tandu wa udongo atakuwa ni wa mfinyanzi. Herufi mbili tu zinatatua tatizo: tandu wa udongoni, kama panya wa nyumbani na samaki wa baharini. Kiambishi hiki cha mahali tumekipendekeza mara nyingi katika kurasa hizi, na mara nyingi wafasiri wamekidondosha kwa kudhani ni pambo.

Tumeambiwa na afisa mmoja aliyeona masahihisho yetu kwamba tunajisumbua, kwani mswada kama ule unathibitisha kuwa lugha yetu haijawa tayari kwa elimu ya viumbe. Tumerudia kuusoma tukiwa na shutuma hiyo mkononi. Pingili, bamba, jozi, witiri, shufwa, koleo, zingira, dunga, hu- ya mazoea, -ni ya mahali: hakuna hata kimoja tulichokiagiza kutoka nje. Vyote vilikuwamo katika lugha siku mfasiri alipoketi kuandika. Hakikuwamo kitu kimoja mezani pake, nacho ni tandu, au walau picha yake nzuri. Na laiti nasi tungekuwa nayo siku tulipoidhinisha papasi.

Mfasiri ameuchukua mswada na ameahidi kuurudisha. Kuna neno moja ambalo hatukuweza kumpa. Chini ya miguu ya mwisho ya Geophilus, katika ile sehemu ya mguu inayoungana na mwili, kuna vitundu vingine ambavyo idadi na mpangilio wake hutumika kuzitenga spishi. Sehemu hiyo ya mguu mswada unaiita nyonga. Kwa ng'ombe na kwa mtu tunakubali. Kwa kiumbe mwenye jozi 49 za miguu tumesita, kwani nyonga kwetu ni mbili. Baadhi yetu wanapendelea shina la mguu, wengine tako la mguu kwa mfano wa tako la bunduki. Wasomaji wanaotoka katika sehemu ambako watu wana jina la kiungo hicho katika kaa, panzi au kamba, tunawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo.